Uzi: Kabla hujachora ramani ya ulimwengu wako, uliza kwanza nani anauza maji

#1 – Mwanzisha uzi (Kibokoni)

Wadau wa michezo ya dadu, salaam aleikum na hamjambo.

Kila mara naona mtu amebandika hapa ramani ya ulimwengu aliobuni. Milima ipo, falme saba zipo, msitu wa majini upo, na lugha mbili tatu za kutunga juu yake. Ramani nzuri, wallahi, nyingine zafaa kutiwa fremu. Kisha yeye huyo huyo anafungua Dungeons & Dragons toleo la tano, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, anawaambia wachezaji "speli zote za kitabuni ruhusa", yaani kila uchawi ulioandikwa humo, na papo hapo nusu ya vitu alivyovichora vinakosa kazi. Bwawa la nini? Ghala la nafaka la nini? Ukuta wa nini?

Nasema hivi: kanuni ya uchawi katika mchezo ni sheria ya uchumi, hata kama aliyeitunga alikuwa anawaza vita tu. Wengi wetu tunaogopa uchawi mkubwa. Mpira wa moto ni mzinga, na dunia hii imekuwa na mizinga karne nyingi na watu bado wanakwenda Marikiti kununua nazi. Kinachopindua mji ni uchawi mdogo, usio na gharama, ambao mtu anaweza kuurudia kila asubuhi akishaamka.

Tuchukue maji, maana hili sisi wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa. Tuko kisiwani, na maji yetu yanatoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Bomba likikauka, mwenye mkokoteni na mitungi ya lita 20 ndiye mkubwa wa mtaa. Bei anapanga yeye, na wewe utasema asante.

Sasa fungua kitabu cha kanuni cha toleo hilo la tano, kile cha 2014. Kuna speli ya daraja la 1 (daraja ni ukubwa wa uchawi) ya kuumba maji. Inatoa galoni 10, kama lita 38, yaani mitungi miwili kasoro kidogo. Ukiipandisha daraja, kila daraja linaongeza galoni 10. Kuhani wa levo ya 5 (levo ni kiwango cha mhusika) ana nafasi, yaani mara za kusoma speli kwa siku, 4 za daraja la 1, nafasi 3 za daraja la 2 na nafasi 2 za daraja la 3. Akizimaliza zote kwa maji anapata galoni 40, na 60, na 60. Jumla 160, yaani lita 605 hivi. Mitungi 30. Kila siku ya Mungu, na mtaji wake ni tone moja la maji.

Mitungi 30 haitoshi mji. Yatosha mtaa mmoja, na yatosha kumfilisi mwenye mkokoteni wa mtaa ule.

Mezani kwetu hili lilitokea. Mchezaji mmoja, kuhani, alifika bandari niliyoibuni, akaona akina mama wamepanga ndoo, akaumba maji bure mbele ya soko. Shangwe, vigelegele, mezani kila mtu amefurahi. Kikao kilichofuata nikamleta mzee wa wachota maji. Walidhani atakuja na vijana wenye marungu, wakaanza kushika dadu. Mzee alikuja na daftari. Akalifungua, akamsomea kuhani: nyumba ya mjane fulani, mitungi sita, hajalipa tangu kusi lianze. Fundi seremala, mitungi tisa, atalipa akimaliza mlango wa tajiri. Ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akauliza, "Wewe mwanangu wakaa hapa lini hadi lini? Maana mimi punda wangu nitamuuza kesho. Ukishaondoka, nani atamkopesha mjane maji?"

Meza ilinyamaza. Kuhani akatupa dadu ya ushawishi, ikamwangukia 19 kati ya 20, na nikamwambia haisaidii, kwa sababu mzee hakatai, mzee anauliza swali na anataka jibu. Kampeni nzima iligeuka hapo. Waliacha safari ya pango wakakaa bandarini kutafuta jinsi hekalu na wachota maji watakavyokaa pamoja. Na yote hayo yalitoka kwenye kistari kimoja cha kitabu kinachosema "galoni 10".

Kwa hiyo kabla ya ramani mimi huuliza mambo matatu kwa kila uwezo: nani anao, unamgharimu nini, na anaweza kuurudia mara ngapi. Ukishajibu hayo, mji unajichora wenyewe.

Leteni mifano yenu.

#2 – Mdau wa Bamburi

Bwana, huu ni mchezo. Mimi nimetoka kazini nimechoka, bili ya maji nimeiacha nyumbani, we waniletea nyingine mezani? Napiga zimwi, nachukua dhahabu, nakwenda kulala.

#3 – Mwanzisha uzi

Hapana neno, ndugu yangu. Zimwi lipigwe. Lakini ile dhahabu yako utaitumia wapi? Ukifika mjini ukakuta mkate, taa na tabibu, mtu lazima awe ameamua kwa nini mkate unauzwa wakati mganga wa porini, aina nyingine ya mhusika, anatoa chakula bure kwa speli.

Na si mimi niliyeanza kuwaza haya. Dungeons & Dragons ilitoka 1974, ikiwa imezaliwa na michezo ya vita ya mezani. Kanuni zake zilipimwa kwa kuuliza kundi la wachezaji litatoka hai pangoni au la. Sidhani kuna aliyepima mji wa watu elfu kumi ungekuwaje. Waliokuja baadaye ndio waliolikabili swali hilo, kila mmoja kwa njia yake.

Eberron, ulimwengu wa mchezo huo huo aliobuni Keith Baker, uliochapishwa 2004, ulisema sawa, uchawi mdogo umeenea, basi tuufuate hadi mwisho wake. Kuna koo zinazozaliwa na alama mwilini, na kila ukoo una kazi yake: huu tiba, huu usafiri, huu ufundi wa kutengeneza vitu. Wakawa makampuni yenye nguvu ya kushindana na wafalme. Treni zao zaendeshwa kwa uchawi. Wenye uchawi mkubwa kabisa ni wachache mno, na hilo ndilo linalofanya koo ziwe na maana.

Dark Sun, ulimwengu mwingine wa mchezo huo, wa 1991, uligeuza upande mwingine. Mchawi anavuta nguvu kutoka kwenye uhai wa mimea, na asipojizuia ardhi inakuwa majivu. Matokeo yake karibu ulimwengu wote ni jangwa na watu wanawachukia wachawi kwa sababu ya haki kabisa. Kanuni moja tu, na umeshapata hali ya hewa, siasa na chuki.

Ninayoipenda zaidi ni Ars Magica, mchezo mwingine kabisa, wa 1987. Humo mchawi ana kipawa ambacho kwa chenyewe kinawafanya watu wa kawaida wasimwamini, hata kama hajafanya kitu. Na sheria yao wenyewe inawakataza kuwa wachawi wa ikulu na kuingilia mambo ya watu. Ukiumba kitu kwa uchawi hakidumu, labda utumie aina ya nguvu adimu inayokusanywa mahali maalumu. Kwa hiyo wachawi wanaishi pembeni, wanagombania vile vyanzo vya nguvu, na Ulaya ya zama za kati inabaki ile ile tunayoisoma shuleni. Kila mlango ambao ungeuharibu ulimwengu umefungwa kwa kanuni, na kila kanuni imezaa hadithi.

#4 – Mdau wa Mji wa Kale

Mimi ni mtu wa historia, acha niingie na Ngome.

Ngome ya Yesu Wareno walianza kuijenga 1593. Mawe ya matumbawe, kuta nene, pembe za kurushia mizinga. Waomani wakaizingira Machi 1696 na hawakuingia hadi Desemba 1698. Zaidi ya miaka miwili na nusu! Waliokuwa ndani waliuawa zaidi na njaa na maradhi kuliko risasi. Merikebu za msaada zilitoka Goa, na kila mtu ngomeni alikuwa akitazama bahari.

Haya, weka ndani ya Ngome mganga wa porini mmoja tu wa levo ya 5. Ana ile speli ya daraja la 1 ya matunda, kila ikisomwa matunda kumi, na tunda moja lamtosha mtu siku nzima. Nafasi zake ni 9. Watu 90 wanakula kila siku, bila kuhesabu panya na paka. Ongeza kuhani wa mwanzisha uzi na mitungi yake 30. Ongeza ile speli ya daraja la 2 inayoondoa maradhi. Mzingiro hauna maana tena. Waomani wangekaa pale hadi ndevu ziguse mchanga.

Lakini hapa ndipo patamu. Komanda wa Kiomani si mjinga, naye anakijua kitabu. Hatapoteza mizinga kwenye ukuta. Atatafuta mtu wa kuingia usiku amwue mganga mmoja. Au amnunue. Au amtekee ndugu yake aliyeko kisiwani Pate. Basi na ngome nayo haitajengwa vile: ukuta wa nje utakuwa mwembamba, na katikati kutakuwa na chumba kimoja chenye milango mitatu ya chuma, na ndani yake mtu amekaa kitako anatengeneza matunda, hatoki, haoni jua. Mfungwa anayeheshimiwa kuliko kapteni.

Huyo ndiye mhusika ningetaka kukutana naye.

#5 – Dada wa Tononoka

Mjadala mtamu huu. Mimi kazi yangu ni ya ukarani wa mahakama, na speli inayoninyima usingizi ni ile ya daraja la 2 ya duara la ukweli. Dakika kumi, mtu aliye ndani ya duara hawezi kusema uwongo akishindwa dadu. Waendeshaji wengi wa mchezo huidharau au huipiga marufuku, eti inaharibu hadithi za upelelezi.

Isomeni tena jamani. Kwanza, aliyenaswa anajua amenaswa, na anaweza kunyamaza au kuzungukazunguka maadamu hasemi uwongo. Nawaambia kutoka kazini: wanaosema uwongo mtupu ni wachache. Wengi wanasema nusu. "Sikumwona pale" ni kweli, kwa sababu nilimwona kwingine. Mji wenye uchawi huu utakuwa na mawakili hodari kushinda wetu, na watoto wa matajiri watafundishwa kujibu swali ambalo hawakuulizwa tangu wana miaka saba.

Pili, na hili watu hulipita: mbali na aliyenaswa mwenyewe, anayejua kama uchawi umemshika mtu ni yule aliyeusoma tu. Hakimu hajui. Umati haujui. Kesi nzima ya ardhi, ya deni la jahazi, ya damu, imening'inia kwenye neno la kuhani mmoja: "ameshikwa" au "hajashikwa". Mnaona rushwa itakwenda wapi? Sasa itabidi kuhani naye awekwe ndani ya duara la kuhani mwingine, na huyo wa pili naye je?

Halafu mirathi. Speli ya daraja la 5 inamrudisha maiti ikiwa hazijapita siku 10, kwa almasi ya vipande 500 vya dhahabu, na roho yenyewe iridhie. Kwenye ulimwengu wangu hairuhusiwi kugawa mali kabla ya siku 10 kwisha. Nyumba ya tajiri inafungwa kwa kufuli la kadhi. Na warithi? Siku zote 10 wanashinda kutwa wakihakikisha hakuna almasi inayoingia mjini. Nimeendesha vikao vitatu vizima ndani ya nyumba moja ya matanga, hakuna zimwi, hakuna pango, ni mashangazi, watoto wa mke mkubwa na mdogo, na sonara mmoja aliyepotea ghafla. Mke mdogo alikuwa na almasi muda wote, kaificha kwenye kikapu cha asumini. Alikuwa anangoja kuona nani atalia kwa kweli.

Na ile "roho iridhie" ni kali kuliko yote. Mume akiitwa akakataa kurudi, mjini watasemaje?

#6 – Mdau wa Majengo

Naheshimu ujuzi wenu, lakini nyote mwatoka nyumba za dini. Kutwa mwazungumza kufufua maiti, uganga, kupiga ramli. Hamwoni mwachezea moto? Kuna watu mitaani kwetu wameharibikiwa na mambo haya haya, na hao hawakutupa dadu.

#7 – Mwanzisha uzi

Ami, hoja yako ni ya kweli na siibezi. Mezani kwetu tumewekeana mipaka: hatutumii aya wala dua ya mtu, hatuigizi pepo la kupunga, na kuhani wa mchezo ana miungu ya kubuni isiyofanana na chochote. Mwenye kuona bado haifai, sisi hatumlazimishi, na kahawa atakunywa nasi vile vile.

Lakini niongeze, na hili lahusu uzi. Watu wa pwani wana mazoea ya zamani ya kufikiri kwamba nguvu za ghaibu zina masharti, zina deni, na zina mwenyewe. Kwenye hadithi za bibi zetu hakuna aliyepata kitu bure. Anayefuga jini analilisha. Vitabu vya michezo ndivyo vilivyotuzoesha uchawi unaojazwa upya usiku kama chaji ya simu, bila kumdai mtu chochote.

#8 – Mdau wa Likoni

Mimi nimesubiri mtu ataje feri, hakuna. Nikasema nifanye hesabu mwenyewe: duara la kusafirisha watu kichawi lingeua feri?

Yahitaji mchawi wa levo ya 9, ambaye ana nafasi moja tu ya daraja la 5 kwa siku. Kila akilichora anatumia chaki na wino wa vipande 50 vya dhahabu. Akitaka duara la kudumu alichore pahali pale pale kila siku mwaka mzima: 50 mara 365, vipande 18,250. Na duara la kudumu ni mahali pa kufikia tu. Kulifungua njia ni lazima tena mtu asome speli, na mlango unakaa wazi sekunde chache. Saa kumi na moja jioni pale Likoni, sekunde sita, mara moja kwa siku? Hata wenye baiskeli hawajajipanga. Feri iko salama, na kilio chetu kiko pale pale.

Atakayefaidi ni mwenye kubeba kitu kidogo cha thamani: barua, lulu, dawa, mtoto wa sultani. Kwa hiyo mchezoni kwangu kuna wachukuzi wa daraja mbili. Vitu vizito vyaenda kwa jahazi, na siri zaenda kwa duara.

Swali kwa mwanzisha uzi: upepo je? Ukiwapa manahodha uchawi wa upepo, si Mombasa yote imekwisha?

#9 – Mwanzisha uzi

Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kuandika ulimwengu wangu.

Mji huu ulizaliwa na kungoja. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka na kaskazi kuanzia Desemba, yakarudi na kusi. Nahodha hakuwa na hiari. Miezi ile ya kungoja ndiyo iliyojenga nyumba, ikaoza mabinti, ikaandika madeni, ikachanganya vyakula. Ondoa kungoja, na wageni wangeshusha mizigo wakaondoka alasiri. Bandari ingekuwepo. Uswahili sidhani.

Sasa kitabu. Uchawi wa upepo wa daraja la 2 ni mstari wa futi 60, dakika moja. Mchawi wa levo ya 5, na zile nafasi za daraja la 3 akizitumia humo, atapata dakika tano kwa siku. Hatoki hata mlango wa bandari. Ule wa kugeuza hali ya hewa ni daraja la 8, saa nane, eneo la maili tano kila upande, na kuupata ni levo ya 15. Watu wa namna hiyo katika ulimwengu wangu ni wawili. Mmoja ana jahazi. Analeta tende na mazulia mwezi wa Juni, wakati hakuna mwingine baharini, na bei anaiamua yeye. Matajiri wote wa mji wanamwalika chakula cha jioni na wote wanataka afe. Kanuni yenyewe ilimtengeneza, sikuhitaji kumtungia uovu wowote.

Nilichobadilisha ni kimoja. Kwangu uchawi wa maji, chakula na tiba umefungwa na ardhi. Msitu fulani una nguvu fulani, una wazee wanaoujua, una miiko yake ya kukata kuni na kulisha mifugo. Ukiwa ndani ya mipaka yake kuhani anafanya kama kitabu kisemavyo. Ukitoka, nafasi hiyo haifunguki. Matokeo yake wafalme hawawindi wachawi, wanagombania misitu. Na kuhani msafiri akifika mji mgeni anabisha hodi kwa wazee kwanza, na wazee wana haki ya kukataa.

#10 – Mdau wa Kwale

Hapo umegusa kwetu. Kaya za Wamijikenda, misitu yao mitakatifu, ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, na zina wenyewe walio hai. Natumai hutumii majina yake halisi wala fingo zake, zile kinga zilizozikwa humo, kama hazina ya kuchimbua wachezaji wapate pointi.

#11 – Mwanzisha uzi

Situmii, ndugu yangu. Majina nimetunga, misitu iko kwenye kisiwa cha kubuni, na kilichozikwa humo hakichimbuliwi. Mchezaji akijaribu, msitu unakufa, na maji ya mji yanakatika siku hiyo hiyo. Nimewaambia mapema kabla hawajatupa dadu yoyote.

#12 – Mdau wa Kwale

Sawa, hapo tumeelewana. Lakini kanuni yako ina tundu. Nikichukua udongo wa msitu nikaujaza kwenye jahazi, nikapanda miche yake humo, nikamkalisha mzee mmoja sitahani, hiyo si ardhi ya msitu? Nina kisima kinachosafiri. Nitauza maji bandari zote hadi Lamu.

#13 – Dada wa Tononoka

Hahaha! Na mzee mwenyewe je, karidhia au umemteka?

#14 – Mwanzisha uzi

Tundu lipo, na silizibi, nalitumia. Jahazi lako lipo kuanzia Jumamosi. Linafanya kazi maadamu mzee yu hai na amekaa kwa hiari yake, na kila mche unaokufa kwa chumvi unapunguza mtungi mmoja. Wachota maji wa bandari ya kwanza wameshapata habari zako, na yule mzee wa daftari amekodi ngalawa.